Kigoda cha Kumsomea Baba

Kwa muda wa miaka miwili nilimwonea wivu binti mmoja wa ukoo wetu, na katika miaka hiyo hiyo mtu aliyetajwa kuliko wote nyumbani kwetu alikuwa jaji mmoja wa Marekani, aliyekufa hata babu wa babu yangu hajazaliwa. Mambo hayo mawili hayaonekani kuhusiana. Yalihusiana sana, na aliyeyafunga pamoja alikuwa baba.

Baba alikuwa katekista. Tulikaa kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini, upande wa barabara iendayo Kate, huko juu ambako upepo wa mwezi wa sita hupita kwenye blanketi kana kwamba hukujifunika kitu. Tulilima mahindi na ulezi. Biashara ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa nchini. Maduka yaliyokaa miaka na rafu tupu sasa yalikuwa na sabuni za kuchagua, walanguzi waliokuwa wakikimbizwa na mgambo wakaanza kuitwa wafanyabiashara, na malori ya kutoka Tunduma yakawa yanashusha marobota ya mitumba. Pamoja na mitumba vikaja vitabu vya Kizungu, maboksi kwa maboksi. Sijui nani aliviomba. Waliovipenda zaidi walikuwa wauza karanga, kwa sababu karatasi zake zilikunjika vizuri kufungia.

Baba alikinunua kitabu chake kwa muuza karanga. Jalada na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda na karanga za watu. Ukurasa wa kwanza uliosalia ulikuwa na picha: mwanamume mwenye nywele nyeupe ndefu amepiga magoti, mkewe kando yake, mabinti wanne nyuma, wote wamefumba macho. Hiyo ilimtosha. Baba alikuwa amelelewa misheni, akasomewa maisha ya watakatifu tangu hajajua kufunga vifungo vya shati, na kwake kitabu chenye mtu aliyepiga magoti mwanzoni kilikuwa cha aina moja tu. Akakileta nyumbani amekifunga kwenye leso.

Paroko alipokipekua alicheka. "Katekista, huyu hakuwa mtakatifu. Alikuwa mwanasiasa, tena hata Mkatoliki hakuwa."

"Baba paroko," baba akamjibu kwa adabu zote, "kwani alichagua pa kuzaliwa?"

Basi tukaanza kuishi na Jaji. Jina lake lilikuwamo ndani ya kitabu, lakini lilimshinda baba kutamka, na sisi tukazoea kumwita Jaji tu. Macho ya baba yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Moja lilikuwa limeshafunga kabisa, na la pili lilimwonyesha mwanga na vivuli. Kiingereza chenyewe hakukijua zaidi ya salamu. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, binti, mtoto wa mwisho na pekee aliyebaki nyumbani, kwa hiyo kazi ya kusoma ikawa yangu. Kitabu kilisema binti wa tatu wa Jaji alimsomea babaye kila alasiri, ameketi mkono wake wa kuume. Baba akachonga kigoda cha miguu mitatu, akakiweka kuume kwa kiti chake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia, hata mama akichambua mboga.

Sijapata kuwa mtu muhimu kama nilivyokuwa juu ya kigoda kile. Nyumbani tulisema Kifipa, lakini Jaji alisomwa kwa Kiswahili, kama misa. Nilisoma mstari kwa Kiingereza, nikautoa kwa Kiswahili, baba akaitikia, "Enhe." Neno nisilolijua nililiruka. Niliporuka sana, Jaji alijikuta amefika mjini kabla hajapanda farasi. "Huyu mtu ana mwendo!" baba alisema, na mimi nikaendelea mbele bila haya.

Maisha ya Jaji yalikuwa hivi, kwa jinsi nilivyoweza kuyaokota. Alizaliwa shambani, baba yake akafa mapema, akajisomea sheria mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Watu wa kwao walipogombana na mfalme wa Waingereza akaingia katika siasa, akawa mmoja wa walioketi kuandika sheria za jimbo lao, kisha akapewa ujaji. Mkewe akafariki. Yeye alikuwa akizunguka na farasi kutoka wilaya hadi wilaya kusikiliza kesi, na mabinti zake aliwalea kwa barua: wasome nini, wale vipi, wasisengenye, wamwandikie kila juma.

Baba aliyachukua haya yote na kuyaweka nyumbani kwetu. Aliagiza tumwandikie barua kila Jumamosi, ingawa tulilala chini ya bati moja. Mama, ambaye hakujua kuandika, alisema yake ataileta kwa mdomo, na aliileta jioni ile ile, ilihusu kuni. Baba alikuwa pia mjumbe wa baraza la kata. Ng'ombe wa jamaa mmoja Msukuma, wa zile familia zilizohamia na mifugo yao kutoka kanda ya ziwa, waliingia katika shamba la ulezi la jirani yetu, na kabla ya kesi yule jamaa akaja na mbuzi. Baba alikuwa amekwisha kusikia jinsi Jaji alivyorudisha paja la nguruwe aliloletewa na mwenye kesi.

"Ndugu yangu, rudi na mbuzi wako," akamwambia. "Jaji asingempokea."

"Jaji yupi, mzee? Wa Sumbawanga?"

Mama alimtazama yule mbuzi mpaka akapotelea njiani, kisha hakumsemesha baba hadi kesho yake.

Ndivyo tulivyokuwa, na mimi nilikuwa na furaha, mpaka dada alipokuja.

Alikuwa binti wa baba mdogo wa Muze, kule bondeni kwenye joto. Baba mdogo alifariki, na baba akamtuma mtu akamlete huyo binti juu kwetu. Alinizidi miaka minne. Alikuwa amesoma kwa masista hadi kidato cha nne, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka. Alifika na sanduku dogo la bati, akitetemeka kwa baridi, akapiga magoti na kupiga makofi taratibu kumwamkia baba kama walivyofundishwa watoto wa zamani. "Shikamoo baba," alisema. Hakusema baba mkubwa. Nilikisikia kile alichokiacha, na tangu siku ile sikumpenda.

Wiki ya kwanza alikaa kwenye mkeka akisikiliza nikisoma. Wiki ya pili, nilipokuwa nimeruka mistari mitatu hivi, alisema kwa upole, "Hapo panasema farasi aliteguka mguu, ndiyo maana alichelewa kumzika mkewe." Baba akageuza uso. "Alichelewa kumzika mkewe? Mbona sikuambiwa?" Nikasema ukurasa umechakaa. Baba akanyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wa dada. "Hebu njoo usome wewe kidogo."

Hicho kidogo hakikuisha. Mimi nikahamia kwenye mkeka. Dada alianza upya tangu mwanzo, akasoma polepole, neno kwa neno, na Jaji akawa mtu mwingine: alikuwa na kikohozi, alikuwa na deni la huzuni kwa mkewe, alikuwa akiandika barua usiku kwenye nyumba za wageni huku wino ukiganda kwa baridi. Baba alilia aliposikia barua aliyomwandikia binti yake wa tatu alipougua. Kwangu mimi hakuwahi kulia. Kwangu alicheka tu.

Niseme wazi nilivyokuwa, kwa sababu sasa nina wajukuu na sina wa kumwogopa. Nilimchukia. Nilichukia jinsi alivyokunja sketi yake kabla ya kuketi juu ya kigoda changu. Nilichukia ugali wake wa ulezi, ambao mama aliusifu mbele ya wageni. Baba alianza kumwita "binti wa Jaji", na barua zake za Jumamosi alizitia kwenye kisanduku cha rozari. Zangu mama aliwashia moto, kwa maelekezo ya nani sikujua. Nilimwekea chumvi kwenye chai, akainywa. Nilimwambia mwenzangu mmoja wa shuleni kwamba dada alitorokwa na mchumba wake kule Muze. Maneno yakazunguka kijiji kizima, na yeye hata hakuniuliza. Angeniuliza ningepumua. Kunyamaza kwake kulinitia kichaa.

Hapa lazima nieleze habari ya bibi yake baba, yaani mama aliyemzaa babu yetu, mimi na dada sote. Alinunuliwa. Wakati ule misafara ya watumwa ilipita nchi hii kuelekea Ziwa Tanganyika, na mapadri wa kwanza waliwakomboa watoto kwa vitambaa. Bibi alikombolewa hapo ufukweni kwa doti mbili za kitambaa, mdogo kiasi cha kutokumbuka kijiji chake wala jina alilopewa na mama yake. Alipewa jina la ubatizo na akaozwa misheni. Upande huo wa ukoo hatujui kabila letu. Watu wakigombana nasi kijijini bado walikuwa wakitutupia: nyie wa doti mbili. Baba hakuona aibu. Aliisimulia habari hiyo kila Pasaka, na siku zote aliimalizia kwa kusema kwamba mtu akimnunua mwenzake ili amfungue, huyo ndiye Mkristo, na akimnunua ili amfunge, huyo hata sala zake zinanuka.

Siku moja ya kiangazi, dada alikwenda na mama mtoni kufua. Baba alikuwa kigangoni. Nilichukua kitabu na kamusi niliyoazima kwa mwalimu, nikakaa nyuma ya kihenge cha mahindi. Sikuwa na nia ya kujifunza. Nilitaka kumkamata. Nilijua hakuna mtu anayesoma kurasa mia mbili bila kukosea, na nilitaka kosa moja tu, liwe dogo vipi, nimpelekee baba.

Nilipata zaidi ya kosa. Katika sura ya pili, mahali dada aliposoma kwamba Jaji alirithi kwa baba yake shamba na watumishi, neno halikuwa watumishi. Nililitafuta kwenye kamusi mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Watumwa. Nikafungua mbele. Watumishi walioshika farasi wake: watumwa. Mtumishi aliyemnyonyesha binti wa tatu: mtumwa. Na mwishoni kabisa, katika wosia wake, ambao dada alikuwa ameusoma juma lililopita kwa sauti ya kanisani, akisema kila binti aliachiwa shamba, vijiko vya fedha na watumishi waaminifu, pale palikuwa na orodha. Mabinti wanne wamegawiwa watu. Kila mtu ana jina moja tu, wengine na umri wao, wamepangwa baada ya farasi na kabla ya vijiko.

Nilifurahi. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kama nilisikitika hata kidogo, kwa ajili ya bibi au kwa ajili ya wale wa kwenye orodha, na sikumbuki. Nilikaa nyuma ya kihenge, moyo ukinidunda kama wa mtu aliyechaguliwa kwenda shule ya mjini.

Nilisubiri Jumapili. Baada ya chakula baba aliketi kitini, dada akakunja sketi na kuketi, mama akawa anapeta ulezi mlangoni. Dada alipofungua kitabu nilisimama.

"Baba, dada anakudanganya."

Mama akaacha kupeta. Nilimnyang'anya dada kitabu mikononi, hakukishikilia. Nikasoma sura ya pili. Nikasoma habari ya mnyonyeshaji. Kisha nikasoma wosia, Kiingereza kwanza na Kiswahili nyuma yake, na safari hiyo sikuruka hata neno moja. Nilitamka "watumwa" kila mara kwa nguvu, nikimtazama yeye.

Nilipomaliza, baba alikuwa ameelekeza uso ukutani.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa akiniita mimi. "Ni kweli?"

"Ni kweli, baba," dada akajibu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza niliyoshika kitabu."

"Ukamhurumia Jaji?"

"Hapana, baba. Jaji nilimchukia. Nilikuhurumia wewe."

Baba alinyanyuka, akatafuta fimbo yake, akatoka. Tulimwona akipita kati ya matuta ya shamba, akiyagusa moja moja kwa fimbo mpaka ya mwisho, halafu akasimama huko muda mrefu na upepo ukipeperusha koti lake. Hakula. Siku mbili hakusema zaidi ya salamu, na sala ya jioni alimwachia mama aongoze. Mama alinitazama mara moja tu, akasema, "Sasa umeshiba?" Dada alipika, akateka maji, akafunga vitu vyake kwenye lile sanduku la bati, akaliweka karibu na mlango, tayari kwa lolote litakaloamuliwa.

Nami nilingojea kuitwa. Sikuwa na shaka. Mwongo alikuwa amejulikana, na msema kweli alikuwa mmoja tu katika nyumba ile.

Jumatano alasiri baba aliketi kwenye kiti chake. "Leteni kitabu," akasema.

Nilikimbia nusura nimwangushe kuku. Nilikileta, nikakaa juu ya kigoda, nikajinyoosha. Kigoda sasa kilikuwa kifupi kwangu; nilikuwa nimekua. Baba alinyoosha mkono, akanigusa kichwani, akapapasa nywele zangu zilizosukwa, akanitambua.

"Mwite dada yako."

"Baba, mimi nipo. Naweza kusoma. Nimejua sasa, siruki."

"Najua unaweza."

"Yeye alikudanganya, baba! Mwaka mzima! Mimi ndiye niliyekwambia kweli."

"Ulinambia kweli," baba akasema, "na kwa hilo sikulaumu. Lakini ulikuwa unasoma huku unacheka. Sikukuona. Nilikusikia."

Nilinyanyuka. Dada alikuwa ameshaingia, mikono ina unga, amesimama kando ya sanduku lake.

"Weka hilo sanduku ndani," baba akamwambia. "Njoo ukae. Habari za Jaji zimetosha, sitaki tena kusikia alikula nini. Nisomee wale watu aliowagawa. Jina moja moja, usiharakishe."

Dada akafuta mikono kwenye kanga, akaketi. Akasoma jina la kwanza. Lilikuwa jina la mwanamke, geni, fupi.

"Utuombee," baba akasema.

Nilidhani amekosea. Dada naye alisita, akamtazama. Kisha akasoma la pili, na baba akaitikia vile vile, kwa sauti ile ile aliyoitumia kanisani kwenye litania ya watakatifu, mkesha wa Pasaka. La tatu. La nne. Mama aliweka ungo chini, akaja akapiga magoti kwenye mkeka, naye akaanza kuitikia. Walikuwa wakiwaomba watumwa wa Marekani, watu ambao hakuna padri aliyewahi kuwatangaza popote, waiombee nyumba yetu. Lilifuata jina la mwanamke mwingine, na baada yake dada akanyamaza.

"Mbona umesimama?" baba akauliza.

"Hapa hawakuandika jina, baba. Wameandika tu, na mtoto wake mchanga."

Baba aliinamisha kichwa.

"Na mtoto wake mchanga," akasema. "Utuombee."

Ndipo dada alipoinua macho akaniona nimesimama mlangoni. Jina lililofuata lilikuwa refu, likamshinda, au labda alijifanya limemshinda. Hadi leo sijui. Alisogea pembeni, akaacha nusu ya kigoda wazi, akakiinamisha kitabu upande wangu ili nami nione. Hakutabasamu. Alinipisha tu, kama mtu anavyompisha ndugu yake kanisani.

Kigoda kile kilikuwa changu, na yeye ndiye aliyekuwa akinikaribisha. Ningeweza kuvumilia angenipiga, au angenisema mbele ya baba. Nusu ya kigoda, kutoka kwake, sikuiweza. Nilichukua ndoo, nikatoka kwenda kisimani, ingawa mtungi wa nyumbani ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Nyuma yangu niliwasikia wakiendelea bila mimi, jina baada ya jina.